Mkono wa Msiribaji

Mtu akitangaza Busia kwamba anauza nyumba yake ya matope, iwe upande wa Kenya au wa Uganda, shauri la kwanza atakalopewa ni apige plasta ya saruji. Shauri hilo lina mvuto. Kiwanda cha saruji kiko Tororo tangu miaka ya 1950, na ukuta wa saruji una heshima yake kijijini. Basi mwuzaji mwenye akiba ndogo hununua mifuko michache, waya wa kuku na misumari, akamwita fundi. Ni hasara tupu. Udongo hunywa maji ukavimba, ukikauka unasinyaa. Saruji haina habari hiyo. Mvua za misimu miwili zikipita, plasta inaachana na ukuta. Mnunuzi wa hapa analijua hilo. Anagonga kwa kifundo cha kidole, akisikia mlio wa debe tupu anashusha bei kimoyomoyo.

Mimi ningemtuma kwanza kwa mama wa kusiriba. Nasema mama kwa sababu kwa Waluhya, Waiteso na Wajopadhola kazi hii imekuwa mikononi mwa wanawake. Wanaume husimamisha nguzo na kuezeka, kisha hukaa kando. Kila Desemba, kabla ya watoto kurudi kutoka Nairobi na Kampala, nyumba husiribwa upya. Ujuzi huo wa Krismasi ndio mwuzaji anaouhitaji, hata ikiwa ni Machi.

Msiribaji mzuri huanzia kwenye kichuguu. Udongo uliopita midomoni mwa mchwa ni laini, hauna changarawe, tena unashika. Anauponda, anauchekecha, anauchanganya na kinyesi kibichi cha ng'ombe na majivu ya jikoni, kisha anaulaza usiku kucha ukiwa umefunikwa gunia. Nyuzi za majani zilizomo kwenye kinyesi huzuia nyufa. Udongo mtupu ungepasuka kabla ya jioni. Asubuhi anaunyunyizia ukuta wa zamani maji. Hapo ndipo utamjua aliyefunzwa na anayebahatisha, maana ukuta mkavu hufyonza maji ya tope jipya ghafla, na tope lote hubanduka baada ya muda mfupi. Anafuata kivuli kinavyozunguka nyumba, ili jua lisikaushe juu ilhali ndani kungali kubichi. Kiganja kinakwenda kwa upinde, kutoka kiunoni hadi juu ya kichwa, kila upinde ukilalia uliotangulia. Ukimtazama utadhani anapamba. Kumbe anakagua: kiganja hugundua palipobonyea kabla ya jicho, hugundua unyevu unaopanda kutoka chini, hugundua nguzo iliyoanza kuliwa.

Mwishoni anapaka mkanda mweusi chini ya ukuta, kimo cha goti, kwa tope lililotiwa masizi. Wageni huusifia kama urembo. Matone ya mvua kutoka kwenye bati hurusha matope ukutani, na bila mkanda huo nyumba iliyosiribwa Jumatatu ingekuwa chafu Alhamisi, pengine siku ileile mnunuzi anapokuja.

Pesa zikibaki, ndani ipakwe chokaa. Tororo imejaliwa mawe ya chokaa. Ndiyo yaliyokileta kile kiwanda. Chokaa hulowekwa, huchujwa kwa kitambaa, hutiwa chumvi kidogo ili ishike. (Mikono ifunikwe, kwa sababu chokaa inachoma.) Ikiwa mbichi huonekana kama maji matupu, na mwuzaji asiye na subira huanza kulalamika kwamba ameuziwa hewa. Weupe hujitokeza inapokauka, na siku zinazofuata huvuta hewa ya ukaa hadi igeuke jiwe tena, kama ilivyokuwa kabla ya kuchomwa. Ipakwe nyembamba mara mbili au tatu, wala si nzito mara moja. Chumba chenye dirisha moja dogo kitapata mwanga ambao rangi ya dukani haitoi kwa bei hiyo.

Kazi hii inaweza kutumiwa kudanganya, sikatai. Njia ya mchwa hufunikwa kwa tope dakika moja. Lakini msiribaji hukaa kijiji kilekile na atakayenunua.

"Mama, hapo paka tu."

"Hapo pana mchwa, mzee. Nikipaka leo, mwenye nyumba mpya atakuja kuniuliza mimi."

Basi mzee atoe nguzo mbovu, aipake mpya oili chafu ya gereji, azibe kwa lami matundu ya misumari kwenye bati. Vyote hivyo ni nafuu kuliko plasta.

Kuna yasiyosiribika. Kaburi la babu uani litamrudisha mnunuzi nyuma hata kuta zing'are. Karatasi nazo zina mambo yake: Kenya, Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inakataza kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzi, na Sheria ya Ardhi ya Uganda ya 1998 inadai ridhaa kama hiyo. Kituo cha pamoja cha mpakani kilichozinduliwa Busia mwaka 2018 kimerahisisha kuvuka, lakini mnunuzi akitoka ng'ambo bado hapati zaidi ya ukodishaji wa miaka 99, upande wowote ule.

Kinachoniudhi ni malipo. Fundi wa plasta hutaja bei yake, akaandaliwa na chai. Mama wa kusiriba huulizwa atachukua ngapi, kwa sauti ya mtu anayeomba msaada wa jirani, na nyumba ikiuzwa shukrani zote humwendea dalali. Alipwe kwa ukuta, kabla mnunuzi hajafika, na pesa za kinyesi ziwe kando. Ng'ombe si wake.