Nani Mwenye Kijiji? Uhakiki wa "Ujamaa Vijijini" kwa Mfano wa Litowa

Ni desturi katika madarasa ya itikadi kulifundisha andiko la "Ujamaa Vijijini" kana kwamba lilikwisha kukamilika siku lilipotolewa. Mwanafunzi hutakiwa kukumbuka mwezi wake, Septemba 1967. Hutakiwa pia kuzitaja nguzo tatu za maisha ya jadi ambazo Mwalimu Julius Nyerere alianzia hoja yake, yaani kuheshimiana, kumiliki kwa pamoja mali ya lazima, na kila mtu kufanya kazi. Akishazitaja huketi. Mafundisho ya namna hiyo hayamtayarishi kada kwa kazi ya kijijini. Andiko la kisiasa lazima lihakikiwe kwa matendo yaliyolifuata, hasa matendo ya wale waliolitoa.

Swali tunaloliuliza ni hili. Uchumi wa vijijini unaoweza kustahimili ukame, kuanguka kwa bei na mabadiliko ya sera unajengwa juu ya msingi gani? Msimamo wetu ni kwamba unajengwa juu ya uwezo wa wanakijiji kuamua wenyewe kuhusu kazi yao na kuhusu ziada inayotokana na kazi hiyo. Trekta, mbegu bora na mikopo ni vitu vya maana, lakini vyote huja baada ya hapo. "Ujamaa Vijijini" ililikubali jambo hili. Ambacho haikukifanya ni kuweka kinga yoyote kwa kijiji ambacho uamuzi wake haupendezi ofisini. Upungufu huo ulidhihirika miaka miwili tu baadaye, mkoani Ruvuma.

Nguvu ya andiko

Kwanza tulitendee andiko haki. Lilitambua mapema kwamba katika baadhi ya sehemu za nchi walikuwa wameanza kuchipuka wakulima wachache wenye kuajiri wenzao, na kwamba njia hiyo ingezaa matabaka vijijini. Halikuipamba jadi: lilisema wazi kwamba mwanamke alibebeshwa kazi nyingi kuliko mwanamume, na kwamba watu wa zamani waliishi katika umaskini. Lilipendekeza kwenda hatua kwa hatua. Watu waanze kwa kuishi pamoja, walime shamba dogo la pamoja huku kila kaya ikiendelea na shamba lake, na wakishaaminiana waifanye kazi ya pamoja kuwa ndiyo tegemeo lao kuu.

Zaidi ya hayo, andiko lilikataa matumizi ya nguvu. Lilisema kwamba nchi hii haiwezi kuwa na kielelezo kimoja kwa kila mahali, na kwamba kiongozi huwavuta watu kwa maelezo na kwa mfano wake mwenyewe. Kwa hiyo anayedai kwamba amri za miaka iliyofuata zilitoka moja kwa moja katika andiko hili, hakulisoma.

Litowa

Wakati andiko linatolewa, mkoa wa Ruvuma ulikuwa tayari na watu wanaoyatenda hayo. Mwishoni mwa 1960 kikundi kidogo cha Umoja wa Vijana wa TANU, Ntimbanjayo Millinga akiwa miongoni mwa viongozi wake, kilikwenda Litowa, wilayani Songea, kuanzisha kijiji. Jaribio la kwanza lilikwama kwa kukosa chakula. Walirudi na kuanza upya, safari hii wakitanguliza chakula. Vijiji vya jirani vilipoona mafanikio vilifuata, na baadaye vikaungana katika umoja wa maendeleo wa Ruvuma uliojulikana kwa kifupi kama RDA. Kufikia 1969 umoja huo ulikuwa na vijiji 17.

Makada wachunguze kwa makini jinsi uchumi huo ulivyopangwa. Msingi wake ulikuwa chakula, ili kijiji kisiwe na sababu ya kuuza kazi yake kwa mtu mwingine wakati wa njaa. Juu ya msingi huo kukaja ufundi: umoja ulikuwa na mashine ya kusaga nafaka, kiwanda kidogo cha mbao na karakana, na faida yake ikabaki mikononi mwa vijiji. Wanakijiji waliopata ujuzi waliwaendea wenzao wa vijiji vingine kuwafundisha, badala ya kila kijiji kukaa kusubiri mtaalamu kutoka mbali. Palikuwa na shule Litowa, ambapo watoto wa vijiji vya umoja walisoma na kulima, na elimu yao ikalenga maisha ya kijijini. Maamuzi makubwa yalijadiliwa katika mikutano ya wanakijiji wenyewe.

Hatusemi kwamba vijiji vyote 17 vililingana kwa nguvu. Wala hatufichi kwamba umoja ulipokea misaada ya nje na kwamba mshauri wake, Ralph Ibbott, alikuwa Mwingereza. Tunachosema ni kwamba mzigo mmoja ulipoteleza palikuwa na bega jingine la kuupokea. Kijiji kilichopata mavuno haba kilikuwa na umoja, na umoja ulikuwa na mashine, mafundi na shule. Hiyo ndiyo maana halisi ya uchumi imara wa vijijini.

Septemba 1969

Tarehe 24 Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU iliamua kwamba shughuli zote za vijiji vya ujamaa zitasimamiwa na Chama, na umoja wa Ruvuma ukavunjwa. Mali zake zilichukuliwa. Mshauri wake na wageni wengine walitakiwa kuondoka. Walimu wa Litowa walihamishwa. Mwalimu mwenyewe alikuwa ameuunga mkono umoja huo kwa miaka kadhaa, lakini uungaji mkono wake haukutosha kuuokoa.

Wako ndugu wanaotetea uamuzi ule. Husema kwamba katika nchi ya chama kimoja hapakuwa na nafasi ya jumuiya inayojiendesha nje ya Chama, na kwamba umoja na viongozi wa mkoa walikuwa wamekwisha kufarakana. Hoja hii tunaichukua kwa uzito, kwa maana umoja wa taifa lililokuwa na miaka minane tangu kupata uhuru haukuwa jambo la mzaha. Hata hivyo inachanganya mambo mawili. Chama kilikuwa na haki ya kuvitaka vijiji vifuate Azimio la Arusha, na vijiji vile vilikuwa vikilifuata kuliko sehemu nyingi za nchi. Haki hiyo haikuwa haki ya kuchukua mashine ya kusaga iliyopatikana kwa jasho la wakulima. Mwenye kumnyang'anya mkulima chombo chake kwa jina la ujamaa amemfundisha kwamba cha pamoja ni cha wakubwa, na somo hilo halisahauliki upesi.

Lililofuata linajulikana. Novemba 1973 kuishi vijijini kulitangazwa kuwa ni amri, na mwisho wa 1976 ukawekwa kuwa kikomo. Mamilioni ya watu walihamishwa, mara nyingi kwa haraka na mbali na mashamba yao. Mei 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, vikaja kurudishwa kwa sheria ya 1982. Watu walikuwa wamekusanywa pamoja, lakini kazi ya pamoja ilibaki ndogo mno. Kijiji cha Matetereka, kimojawapo cha vile vya umoja wa Ruvuma, kiliendelea na kazi za pamoja miaka mingi baada ya 1969. Kiliendelea kwa sababu wenyewe walitaka, na hakuna amri iliyoweza kuleta nia hiyo mahali ilipokosekana.

Upungufu wa andiko

Sasa turudi kwenye andiko lenyewe. Je, kosa lilikuwa la watekelezaji peke yao? Jibu hilo ni rahisi mno, nasi hatulikubali. Andiko lenyewe lina mapengo mawili.

Pengo la kwanza ni la kitabaka. "Ujamaa Vijijini" ilimtambua mnyonyaji mmoja tu kijijini, yaani mkulima tajiri. Haikumtambua mangimeza. Ofisa anayepimwa kwa idadi ya vijiji alivyovifungua ana masilahi yake, na masilahi hayo yanaweza kugongana na ya mkulima hata kama ofisa huyo haibi senti moja. Mwongozo wa TANU wa 1971 ulijaribu kuliziba pengo hili kwa kukemea ubwana wa viongozi na kwa kuhesabu uwezo wa watu kujiamulia kuwa sehemu ya maendeleo. Ulikuja wakati Litowa imekwisha kuvunjwa.

Pengo la pili linahusu ujuzi. Andiko lilieleza umaskini wa jadi kuwa ulitokana kwa sehemu na ujinga wa mbinu bora. Maneno hayo yana ukweli, lakini yalimpa mtaalamu ruhusa ya kufika kijijini akiwa na majibu tayari. Mkoa huohuo wa Ruvuma unatoa ushahidi wa kinyume. Katika milima ya Umatengo, wilayani Mbinga, wakulima wamelima kwa mashimo ya ngoro kwa vizazi vingi. Majani hukatwa na kulazwa kwa kupishana yakafanya miraba, kisha hufunikwa kwa udongo unaochimbwa katikati ya kila mraba. Mvua ikinyesha maji hutulia shimoni badala ya kuporomosha udongo, na majani yaliyofukiwa huoza yakawa mbolea. Maharage na mahindi hupokezana katika shamba hilohilo. Kilimo hicho kimelinda rutuba kwenye miteremko mikali, wala hakikutoka katika ofisi yoyote. Kada anayeingia Mbinga bila kuuliza kwa nini watu wanalima hivyo, yeye ndiye mjinga wa mbinu bora.

Mahindi na mashine

Huenda msomaji akasema kwamba haya ni mambo ya kale. Atazame mahindi. Ruvuma ni mmoja wa mikoa inayotegemewa na taifa kwa ziada ya nafaka. Juni 2017 serikali ilipiga marufuku kuuza mahindi nje ya nchi yakiwa nafaka, na ikaelekeza kwamba anayetaka kuuza nje auze unga. Bei ikashuka sana katika mikoa yenye ziada, na mkulima aliyekuwa na magunia ndani ya nyumba akawa hana pa kuyapeleka. Shabaha ya kuongeza thamani ya mazao hapa nchini ni sahihi, nasi tunaiunga mkono. Lakini unga unahitaji kinu. Kijiji kisicho na kinu chake wala umoja na vijiji vingine hakikuwa na namna ya kuitumia nafasi iliyotajwa. Kiliona hasara tu.

Zaidi ya miaka hamsini nyuma, wakulima wa mkoa huohuo walikuwa na kinu chao. Ndiyo maana tunasema kwamba kilichovunjwa mwaka 1969 kilikuwa zaidi ya jumuiya ya vijiji 17. Ilivunjwa pia njia ambayo ziada ya mkulima ingeweza kugeuka kuwa chombo chake cha kujikinga.

Kazi ya kada

Leo sheria inakipa kijiji nguvu ambayo Litowa haikuwa nayo. Kwa sheria ya serikali za mitaa ya 1982 mkutano mkuu wa kijiji ndio wenye mamlaka ya juu katika kijiji, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaupa kauli juu ya ardhi. Sheria hizi ni kinga ile iliyokosekana katika andiko la 1967. Lakini kinga isiyotumika huota kutu.

Kwa hiyo tunawashauri makada na wanafunzi, wanapokwenda vijijini kwa mazoezi, wasianze kwa kuhesabu mashamba ya pamoja wala kukariri nguzo tatu mbele ya wazee wanaozijua kuliko wao. Waombe kitabu cha kumbukumbu za mkutano mkuu wa kijiji. Watazame kama mkutano unaitishwa kwa wakati wake, kama mapato na matumizi husomwa, na kama ziada ya mwaka uliopita iliamuliwa na nani. Kisha watafute jambo moja zaidi: je, mkutano huo umewahi kulikataa pendekezo lililotoka juu, na baada ya kulikataa kijiji kikabaki salama? Wakikosa mfano hata mmoja, waandike hivyo katika ripoti zao, na ripoti hizo zisomwe na sisi tunaotoa mapendekezo.