Pini Iliyoganda: Kusoma Kiungo Kimoja cha Daraja la Forth

Atokaye Msata kuelekea Segera huvuka Mto Wami juu ya daraja lililoanza kutumika 2022, lenye urefu upatao mita 510, na pembeni yake huliona lile la 1959, jembamba la njia moja. Hapo wahandisi waliliweka kando andiko la kwanza wakaandika jingine. Walikuwa na haki, kwani barabara haipanuki kwa kubadilishwa chuma kimoja. Hata hivyo, mhakiki wa umbo huvutwa zaidi na kazi ya mhariri ambaye hana ruhusa ya kuandika upya, naye lazima aondoe neno moja lililooza huku andiko lote likibaki limesimama. Kazi ya namna hiyo ilifanyika Uskoti, kwenye Forth Road Bridge.

Daraja hili la kuning'inia lilifunguliwa Septemba 1964, na kati ya minara yake miwili pana mita 1,006. Watazamaji wengi humaliza sifa zao kwenye minara na kebo kuu. Mimi naona ustadi wake umekaa mahali pasipoonekana kutoka barabarani: chini ya sakafu, pale fremu ya chuma inapoukuta mnara. Sakafu ya daraja la aina hii haitulii. Hurefuka kwa joto, huyumba kwa upepo, hubonyea chini ya malori. Mbunifu akaiegemeza mnarani kwa viungo vya chuma vyenye pini, ili ishikwe bila kufungwa. Dhima ya kiungo hicho ni ile ya kina cha kati katika mshororo: hugawa pasipo kutenganisha.

Pini moja iliganda. Kiungo kilichobuniwa kizunguke kikaanza kupindwa, na kila gari lililopita lilikipinda tena, hadi uchovu wa chuma ukazaa ufa na ufa ukawa mvunjiko. Tarehe 4 Desemba 2015 daraja lilifungwa. Uzito wa magari ulichangia, lakini kiini cha kasoro ni kunyimwa mwendo.

Hata hivyo sakafu haikuanguka, kwa sababu sehemu jirani ziliupokea mzigo. Hii ndiyo takriri ya kimuundo, ambayo kwenye karatasi huonekana kama ubadhirifu. Silver Bridge ya Marekani, juu ya Mto Ohio, haikuwa nayo ya kutosha: mwaka 1967 kiungo kimoja cha mnyororo wake kilikatika, daraja zima likaporomoka, watu 46 wakafa.

Sarufi ya kubadilisha chuma kinachobeba mzigo ni ya subira. Kukikata kikiwa kimebeba ni kuiachia sakafu iruke. Kwa hiyo hujengwa kwanza njia ya kando ya kuupitisha uzito, jeki huupokea kidogo kidogo, vipimo vya mkazo husomwa kila hatua, na kipande cha zamani huondolewa kikiwa kimekwisha kuwa kitupu. Kipya kikishafungwa, jeki hulegezwa kwa mwendo uleule wa taratibu. Kwa maneno mengine, maana huhamishwa kabla ya neno kufutwa.

Kwa kipimo hiki, matengenezo ya Desemba, ya kuunga palipovunjika kwa vyuma vya nyongeza, nayasoma kama tanbihi ya dharura. Yaliyarudisha magari madogo tarehe 23 mwezi huohuo, malori yakasubiri hadi 20 Februari 2016. Muundo wa kudumu uliochaguliwa baadaye, wa beringi za kuteleza badala ya viungo vya pini, ni usomaji bora zaidi. Ulithubutu kuyaacha maneno ya mbunifu ili kuilinda nia yake.

Daraja la Nyerere la Kigamboni, lililofunguliwa Aprili 2016, lina kebo za aina nyingine, zinazotoka mnarani moja kwa moja hadi sakafuni. Atakaye kulihakiki aanzie chini, kwenye beringi, ndipo ainue macho kwenye kebo.