Jina na Kazi: Hali Tegemezi ya Wakati Uliopita katika Kihispania

Kanuni ya kuunda hali tegemezi ya wakati uliopita katika Kihispania ni nyepesi. Huchukuliwa nafsi ya tatu wingi ya wakati uliopita, mathalan hablaron (walisema); huondolewa -ron; kisha hupatikana hablara, hablaras, hablara, habláramos, hablarais, hablaran. Vitenzi comer (kula) na vivir (kuishi) hufuata njia iyo hiyo: comieron huzaa comiera, na vivieron huzaa viviera. Lipo pia umbo la -se, hablase, ambalo aghalabu hushika nafasi ya hablara, ijapokuwa katika nchi za Amerika -ra ndilo litumikalo zaidi.

Kanuni hiyo haina ila. Penye walakini ni jina. Mwalimu akishasema "wakati uliopita", mwanafunzi hudhani kwamba kila hablara husimulia jambo lililopita. Katika Pidió que Juan hablara, dhana hiyo haidhuru: Aliomba Juan aseme. Kihispania hulinganisha kitenzi tegemezi na "aliomba". Kiswahili hutosheka na -e, kwani "anaomba aseme" na "aliomba aseme" havitofautiani mwishoni.

Lakini katika Si Juan hablara mañana, todos callarían, jina hilo hupotosha. Maana yake ni "Juan angesema kesho, wote wangenyamaza". Hapa hapana wakati uliopita. Pana jambo la kudhaniwa tu. Kiswahili hutia -nge- katika vishazi vyote viwili, ilhali Kihispania hugawa kazi: hablara hubeba sharti, callarían hubeba tokeo. Sharti lililokwisha kupitwa na wakati lina umbo lake, Si Juan hubiera hablado, ambalo katika Kiswahili sanifu hulingana na "Juan angalisema".

Huenda ikadaiwa kwamba jina ni jina tu. Hoja hiyo haitoshi. Mfasiri anayeliamini ataandika "kama Juan alisema", na kwa silabi moja shaka ya mwandishi itageuka kuwa taarifa. Historia yenyewe inaonya: -ra ilitokana na umbo la Kilatini lililoarifu jambo lililotangulia jingine, nayo leo hubeba lisilokuwako.

Yafaa, basi, umbo hili lifundishwe pamoja na kishazi kikuu chake. Orodha ya viambishi humwezesha mwanafunzi kuunda hablara. Kishazi ndicho kimwambiacho iwapo ni "aseme" au "angesema".