Makali Kuwili

Walimu wengi wa dini hueleza neno "makali kuwili" kwa kuwaonyesha watu panga. Wakosea, wala si kidogo. Panga letu, liwe la kukatia majani Masisi au la kufyekea msitu Walikale, lina makali upande mmoja tu; mgongo wake butu humwelekea mwenye kulishika. Lakini upanga wa Waraka kwa Waebrania (4:12) wakata huku na huku, na neno linalofananishwa nao lapima mioyo yote, hata wa msemaji. Kwa mfano wa panga, neno kali huwa la jirani peke yake. Mauaji yaliyoanza sokoni Ntoto, Walikale, Machi 1993, yakafika Masisi, yalitanguliwa na maneno ya namna hiyo. Nasi tumeliinua panga hilo mbele ya wakatekumeni, miaka mingi.