Mng'aro Una Ukoo Wake

Kabla hajagusa sarafu, Mzee hunawa mikono kwa sabuni, hukausha kwa kitambaa cha pamba ambacho hakifanyi kazi nyingine, kisha hutulia mpaka vidole viwe vikavu kabisa. Kwa joto la Bujumbura na unyevu wa ziwa Tanganyika, kungoja huko ni ibada. Kazi yake ni ufundi saa, pale mtaa wa Buyenzi, lakini saa siku hizi haziji. Zinazokuja ni sarafu. Mtu anafungua sanduku la marehemu, anakuta kopo la vyuma. Mwingine ana ndugu Ubelgiji au Kanada, kaletewa zawadi ndani ya kikasha cha plastiki. Wote wameshasikia kwamba yuko mzee anayejua pesa za zamani, na wote wanataka bei. Yeye haanzi na bei. Huuliza: hii ilitoka kiwandani na mng'aro gani?

Wengi hucheka. Mng'aro si mng'aro tu? Mzee hajibu. Huishika sarafu ukingoni, kati ya kidole gumba na cha shahada, huisogeza chini ya taa moja yenye balbu ya manjano, kisha huiinamisha polepole, huku na huku. Haangalii picha wala mwaka. Anaangalia mwanga unavyotembea: kama unazunguka kama spoki za gurudumu, kama unazama, au kama unakatika katika mistari. Kwa muda mfupi tu anajua chuma hicho kilizaliwa katika nyumba gani.

Nilimtazama akifanya hivyo kwa robo dola nne za Kanada, mali ya kijana ambaye shangazi yake anaishi Gatineau, ng'ambo ya mto kutoka Ottawa. Kijana alitaka zirudishwe huko zikapewe daraja, maana kuna makampuni yanayofanya kazi hiyo: ICCS ya Toronto, PCGS na NGC za Marekani. Huipima sarafu kwa kipimo cha 1 hadi 70, kilichotokana na mizani aliyoitunga Mmarekani William Sheldon mwaka 1949, huifunga na kuiandikia hukumu. Lakini kabla ya hukumu kuna fomu, na fomu inataka mwenye mali aseme sarafu yake ni ya aina gani. Ukikosea hapo, umemfikisha mwanao mbele ya kadhi kwa jina la mtoto wa jirani.

Robo dola zote nne zilikuwa na picha moja: kichwa cha caribou, yule mnyama wa kaskazini mwenye pembe zilizotanuka kama matawi, aliyechorwa na Emanuel Hahn na kuanza kutumika mwaka 1937. Kwa jicho langu zilikuwa ndugu wa tumbo moja. Mzee alizipanga kwenye kitambaa na kuanza kuzitenga.

Ya kwanza ilikuwa ya matumizi ya kawaida. Iling'aa, ndiyo, lakini shavuni mwa caribou palikuwa na vijeraha vidogo vidogo, kwa sababu sarafu za namna hiyo hutoka kwenye mashine kwa maelfu na kuangukiana ndani ya pipa. Ya pili ilikuwa safi zaidi, picha na uwanja wake, yaani sehemu tupu iliyoizunguka, vinang'aa sawasawa, bila ubishi kati yao. Hiyo waliitengeneza kwa ajili ya seti za kuuzia watu wanaohifadhi. Ya tatu ilinishangaza. Uwanja nyuma ya mnyama ulikuwa umechorwa mistari myembamba sambamba, na juu yake sehemu za picha ziling'aa huku nyingine zikiwa na weupe wa ukungu. Hiyo Wakanada huiita spesimeni. Ya nne haikuhitaji kuelezwa. Uwanja wake ulikuwa kioo cheusi, nikaiona pua yangu ndani yake, na caribou akasimama juu ya kioo hicho mweupe kama aliyeangukiwa na theluji ya kwao. Hiyo ni prufu.

"Hizi zimefanana sura," Mzee alisema, "hazikufanana malezi."

Malezi ndiyo habari yenyewe. Kiwanda cha Sarafu cha Kifalme cha Kanada kilifunguliwa Ottawa mwaka 1908, na tangu 1976 sarafu za sokoni zimekuwa zikifuliwa Winnipeg, Ottawa ikibaki na zile za kuhifadhiwa. Kwa prufu, chapa ya chuma hung'arishwa mpaka iwe kioo, kisha sehemu za picha hupewa ule weupe wa ukungu. Kipande kitupu nacho hung'arishwa. Hugongwa zaidi ya mara moja, kwa subira, kisha huondolewa kwa mkono wenye glavu kisije kikakwaruzwa na mwenzake. Yupo mtu aliyekaa na chapa ile akiisugua, akiikagua, akiisugua tena, na jina lake haliandikwi popote. Anayeweza kuutambua mng'aro huo huku Buyenzi ndiye peke yake anayempa mtu yule ujira wa kujulikana.

Na kuna mitego. Sarafu za uwekezaji za Kanada, zile za fedha safi zenye jani la mti wa maple zilizoanza mwaka 1988, nazo zina uwanja wa mistari, na tangu 2014 mistari hiyo hutawanyika kutoka katikati kama miale. Asiyejua huiandika kuwa spesimeni. Tena ziko seti za miaka ya 1950 na 1960, zenye uwanja wa kioo lakini bila ukali wa ukingo ulio katika prufu. Hizo huwasumbua hata wajuzi. Mzee huzikagua ukingoni kwanza: ukingo uliopigwa kwa nguvu kamili husimama mraba, ukingo mwingine hulegea kidogo begani.

Lakini mtego ninaoukumbuka zaidi uko kwenye mistari midogo kabisa. Chini ya lenzi, sarafu mbili zinaweza kuonyesha mikwaruzo inayofanana, moja ikawa ya thamani na nyingine ikawa imeharibika. Tofauti ni hii. Mistari iliyotokana na kung'arishwa kwa chapa huwa imeinuka juu ya uwanja, na ikifika kwenye picha hukoma, kwa sababu kile kilichoinuka kwenye sarafu kimezama kwenye chapa, na kisuguzi hakikufika huko. Mikwaruzo ya mtu aliyeisafisha sarafu nyumbani huwa imechimba, na haina adabu: hupita uwanjani, hupanda shavuni, hukata pembe na jicho, hutokea upande wa pili. Mzee alinipa lenzi nikaona mwenyewe. Mstari uliokoma kwenye ukingo wa sikio la mnyama ulikuwa kazi ya fundi. Uliovuka ulikuwa kazi yetu.

Nasema yetu, kwa sababu hapa nyumbani hakuna sarafu ya zamani inayomfikia Mzee kabla haijateswa. Limau, majivu, mchanga wa ziwani, dawa ya meno. Mtu anadhani anaileta ikiwa imependeza. Kijana mmoja alileta faranga 10 ya Burundi ya mwaka 1968, ing'aayo kama kijiko kipya, na Mzee aliiangalia kwa huzuni ya daktari aliyeletewa mgonjwa jioni. Ile rangi ya kijivu iliyojilaza juu yake kwa zaidi ya nusu karne ilikuwa umri wake. Ikishasuguliwa hairudi, kwa dawa wala kwa pesa. Sisi tunaona uchafu, tunaona haya, tunasugua.

Na nchi hii imepitiwa na sarafu za kila malezi. Wajerumani walipojenga ngome yao Usumbura, ndiyo Bujumbura ya leo, mwishoni mwa karne ya 19, rupia ilifuata, yenye sura ya Kaiser Wilhelm, imefuliwa Berlin kwa ustadi wa dola lenye kiburi. Kisha vita. Mwaka 1916, meli za kuleta pesa zikiwa zimezibwa njia, Wajerumani walifua sarafu zao Tabora, katika karakana ya reli: heller 20 za shaba, na rupia 15 za dhahabu ya Sekenke zenye tembo aliyeinua mkonga mbele ya mlima. Mzee anayo heller 20 moja. Ina sura mbaya. Taji limepinda kidogo, uwanja una mabonde, herufi T ya Tabora imesimama chini ya mwaka kama mlinzi mwenye usingizi. Hata hivyo huishika kwa heshima zaidi kuliko robo dola yoyote, maana hapo unaona mikono iliyokuwa na haraka, mashine isiyoumbwa kwa kazi hiyo, na mafundi waliojitahidi hivyo hivyo. Septemba ya mwaka huo Wabelgiji waliingia Tabora, na karakana ikanyamaza.

Wabelgiji walituletea sarafu za aluminiamu zenye mchikichi, ambao kila mtu wa Rumonge aliutambua. Baadaye ikaja faranga moja ya shaba ya manjano yenye simba, ya Rwanda na Burundi pamoja, ya miaka ya 1960, 1961 na 1964. Kisha ya Ufalme wa Burundi ya 1965, kisha aluminiamu tena zama za jamhuri. Naikumbuka sauti ya aluminiamu ile ikianguka sakafuni kwa bibi: haikulia, ilinong'ona tu, na watoto wote tuligeuka.

Ziko pia ambazo hatukuzisikia zikianguka. Uhuru ulipofika mwaka 1962, zilitolewa sarafu za dhahabu zenye sura ya Mwami Mwambutsa IV, za faranga 10, 25, 50 na 100. Mwaka 1965 zikaja nyingine za kuadhimisha miaka 50 ya ufalme wake. Mwaka uliofuata ufalme ulikuwa umekwisha. Dhahabu hizo leo hupigwa mnada ughaibuni, zimefungwa katika plastiki, na hukumu yake imeandikwa na macho ya wageni. Miaka ya karibuni zimetoka hata za fedha zenye jina la Burundi na picha ya simba, faranga 5000, ambazo hakuna mwuza ndagala aliyewahi kurudisha chenji kwa hizo.

Mtaani kwetu sarafu imekufa. Za faranga 10 na 50 za mwaka 2011 ni adimu kuliko rupia. Soko kuu lilipoungua Januari 2013, vibanda ambamo ungeweza kukutana na kopo la vyuma vya kale viliteketea na mali yake. Sasa tunalipana kwa simu, kupitia Lumicash, au kwa noti zilizoloa jasho mpaka namba hazisomeki, na hakuna anayeinamisha kitu chochote chini ya taa. Kijana aliyekaa na Mzee kujifunza ufundi saa amehamia kwenye ufundi wa simu. Simlaumu, ana watoto. Ila simu haimfundishi kutofautisha mstari uliokoma na mstari uliovuka.

Robo dola zile nne zilirudi Kanada na fomu iliyojazwa sawasawa, kila moja kwa jina lake, kwa mwandiko wa fundi saa ambaye hajawahi kufika hata Ulaya. Sisi hatukuwahi kuwa na kiwanda cha kufua sarafu, na hilo halinisikitishi. Nchi nyingi ndogo hununua pesa zao kwa wengine. Kinachonisikitisha ni kwamba macho hayahitaji kiwanda, tulikuwa nayo hapa hapa Buyenzi, na tumeyaacha yazeeke bila mrithi huku tukikimbilia limau.