Binti Akishatoka Nje: Maoni juu ya Riwaya Nilizozisoma kwa Mwaka Mmoja

Kwa desturi mhakiki huchukua kitabu kimoja, akakichambua fani na maudhui, kisha akakirudisha rafuni. Makala haya yana kusudi dogo kuliko hilo, na pengine lenye hatari zaidi: kueleza maoni ya msomaji mmoja juu ya riwaya alizozisoma, na nyingine alizozirudia, katika muda wa mwaka mmoja. Hazikuchaguliwa kwa mpango. Baadhi zilikuwa katika orodha ya mafunzo, nyingine niliziazima kwa wenzangu, na moja niliimaliza safarini kati ya Nairobi na Mombasa. Zilipokwisha kusomwa nilitambua kwamba nne kati yake zasimulia kisa cha namna moja: binti asiyekuwa na uhuru mikononi mwa wakubwa wake, akatoka, na ulimwengu ukampokea kwa namna yake. Kwamba waandishi wetu wakipenda kisa hiki si ajabu. Lililonisumbua ni hili: binti huyo akishatoka nje, ni nani asemaye kwa niaba yake?

Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ilichapishwa mwaka 1971, na kwa muda ilikatazwa kutumiwa shuleni Tanzania. Nilipoisoma mara ya kwanza, nikiwa mwanafunzi, niliiona kuwa kitabu cha ujasiri, na ujasiri huo bado nauona. Zakaria, mlevi asiyeijali nyumba yake, ampiga bintiye kwa sababu ya barua ya mvulana, na woga uliozaliwa siku hiyo wageuka baadaye kuwa kinyume chake. Sura za mwanzo, zile za maisha ya Ukerewe alikozaliwa mwandishi mwenyewe, hazijachuja hata kidogo. Hata hivyo, safari hii nilikutana na jambo ambalo zamani halikunishtua. Msimulizi amjua Rosa kuliko Rosa ajijuavyo. Kila aangukapo, tayari sisi wasomaji tumekwisha kupewa sababu: malezi, ukali, ukosefu wa maongozi. Twaelezwa juu yake, lakini yeye mwenyewe hatumsikii. Ajiuapo, afa akiwa bado ni kielelezo cha hoja. Nayo hoja, ijapokuwa ni ya kweli, yamlemea.

Katika Nyota ya Rehema ya Mohamed Suleiman Mohamed (1976) kinachomfunga binti si mlango bali ni ardhi na nasaba. Nitasema bila kusita kwamba kwa lugha hii ndiyo bora kuliko zote nne. Rehema na Sulubu mumewe wailima Ramwe kwa jasho, na hatimaye jasho hilo halihesabiwi kuwa haki. Lakini Rehema mwenyewe ni mpole mno, na mara nyingi upole wake hufanya kazi ambayo maneno yake yangeifanya. Sitakaa hapa zaidi.

Riwaya iliyonilazimisha kubadili rai yangu ni Utengano ya Said Ahmed Mohamed (1980). Kwa hakika naijua kwa muda mrefu, maana hapa Kenya iliwahi kuwa kitabu cha lazima katika shule za sekondari, na wengi wa wanafunzi wetu wa chuo waliwahi kufika kwetu wakiwa wamekwisha kuichoka. Walikuwa wakilalamika kwamba msamiati wake ni mgumu. Lalamiko hilo silikubali: mwandishi ni mzaliwa wa Pemba, na ugumu huo ni utajiri ambao sisi wa bara tumepewa bure. Bwana Maksuudi amfungia ndani mkewe Tamima na bintiye Maimuna, huku yeye mwenyewe akifanya nje yote ayakatazayo ndani. Maimuna atoroka; aingia katika umalaya na ulevi; kisha ajirudi, aolewa na Kabi. Hadi hapo twaweza kusema kwamba kisa ni cha mwana mpotevu, ila mpotevu ni mwanamke. Lakini mwishoni babaye aja, amechakaa na hana kitu, aomba msamaha. Maimuna akataa.

Kwa miaka kadhaa nilifundisha kwamba kukataa huku ni dosari. Nilirudi kutoka ng'ambo na shahada yangu ya pili, na humo nilikuwa nimejifunza kudai kwamba muundo ujifunge. Hivyo nikawaambia wanafunzi kwamba mwandishi ameshindwa kuupatanisha mwisho na toba ya Maimuna. Mwaka huu msichana mmoja wa mwaka wa pili aliniuliza, kwa adabu, kama ningesema hivyo lau anayekataa angekuwa mwana wa kiume. Sikuwa na jibu. Nilikwenda nyumbani nikairudia sura hiyo, nikaona kwamba nilikosea. Toba ya Maimuna ilikuwa juu ya maisha yake. Haikuwa deni analodaiwa na babaye. Katika riwaya nne hizi sikukuta mahali pengine ambapo binti atamka jambo ambalo msomaji hakulitaraji, wala msimulizi hamsahihishi. Sisi tuliokuwa tukitafuta ujumbe tulilipita neno hilo kwa sababu halifundishi kitu. Ni neno la mtu tu, na mtu huyo amedhulumiwa.

Vuta N'kuvute ya Adam Shafi (1999) imepata wasomaji wapya tangu Amil Shivji alipoitengenezea filamu mwaka 2021. Yasmin aozwa angali msichana kwa mwanamume mwenye umri wa babaye, akimbia, jamaa zake wamkataa, apokewa na Mwajuma huko Ng'ambo. Yanifurahisha kwamba Adam Shafi hamwadhibu. Yasmin apenda, apoteza, apenda tena, na kitabu chafungwa angali hai na si mfano wa mtu yeyote. Ila kila Denge aingiapo na siasa zake za ukombozi, Yasmin husogea ukutani. Mwandishi ampa uhai, akamnyima rai. Kama ningelazimishwa kuchagua kati ya riwaya hii na Utengano kwa ajili ya raha ya kusoma, ningechagua hii. Maimuna, hata hivyo, ndiye ninayebishana naye hadi leo.

Yawezekana mtu akasema kwamba waandishi wote wanne ni wanaume na shauri limekwisha. Sidhani kwamba limekwisha, maana Maimuna naye ameandikwa na mwanamume. Lakini ni kweli kwamba orodha zetu za mafunzo zina aibu yake. Mali ya Maskini ya Zainab Burhani ilitoka mwaka 1981, mwaka mmoja tu baada ya Utengano, nami sijapata kuifundisha hata mara moja. Nakuruto ya Clara Momanyi niliisoma kwa haraka mno mwaka huu, na si haki kuitolea hukumu hapa.

Katika karatasi yangu ya mtihani palikuwa na swali lililorudiwa mwaka hadi mwaka, likimtaka mtahiniwa aeleze mafunzo yapatikanayo katika maisha ya Maimuna. Nimelifuta. Mahali pake nimeandika: "Je, Maimuna alikuwa na haki ya kukataa?" Mwenzangu mmoja idarani ameliona, akasema kwamba swali hilo halina mwongozo wa kusahihishia. Bado twabishana.