Pindo Ndilo Linalokimbia: Ufundi wa Lubaina Himid

Mtazame mama anayeteremka kutoka Irente kwenda sokoni Lushoto, tenga la mboga kichwani. Shingo imetulia, mabega yametulia. Kasi yake utaisoma kwenye pindo la kanga. Mchoraji Lubaina Himid anapata mwendo kwa njia hiyohiyo. Alizaliwa Zanzibar mwaka 1954, baba mwenye asili ya Komoro na mama Mwingereza, akapelekwa Uingereza angali mchanga. Kanga ameichora tena na tena, lakini somo lake kubwa liko katika Freedom and Change ya mwaka 1984.

Chanzo ni Picasso: wanawake wawili wakikimbia ufukweni, picha ya mwaka 1922 kwenye kipande cha plaiwudi cha kama sentimita 33 kwa 41. Mwaka 1924 ilikuzwa ikawa pazia la dansi ya Le Train Bleu ya kundi la Ballets Russes. Himid, aliyesomea usanifu wa jukwaa Wimbledon, aliichukua kama pazia hasa. Alitandaza kitambaa cha waridi, wakimbiaji wakawa wanawake weusi, magauni yao akayaunga kwa vitambaa vya marembo mbalimbali. Jicho linaruka kutoka rembo hadi rembo, na gauni linakwenda hata kabla hujaiangalia miguu.

Mbwa wanaowatangulia hakuwachora kwenye kitambaa. Aliwakata kwa plaiwudi akawasimamisha mbele ya kitambaa hicho. Vichwa vya wanaume wazungu waliofukiwa mchangani navyo ni vya kukatwa. Ukipiga hatua moja pembeni, mbwa wanasogea mbele ya lile waridi. Hapo mwendo umetoka kwenye brashi, umehamia kwenye miguu ya mtazamaji, na kwangu huo ndio uamuzi wake mkubwa kuliko yote.

Naming the Money ya mwaka 2004 inaufikisha mbali zaidi: watu 100 wa plaiwudi wenye kimo cha binadamu, wapiga ngoma na walimu wa dansi miongoni mwao, Waafrika waliotumikishwa katika majumba ya watawala wa Ulaya. Huwezi kuwaona kwa kusimama mahali pamoja. Maelezo ya kila mmoja yamebandikwa mgongoni, pamoja na jina lake la asili na lile alilobandikwa na bwana wake, kwa hiyo anayetaka kuyasoma hana budi kupenya katikati yao, azunguke, arudi nyuma, ampishe mwenzake.

Alipopewa tuzo ya Turner mwaka 2017, yalisemwa mengi kuhusu siasa yake, na kwa haki. Ufundi huu wa jukwaa nao unastahili kufundishwa kwa wachoraji wetu.